Umezaliwa Wete na unataka kutengeneza injini za plazma? Anzia hapa

Mpwa wangu wa Wete, Pemba, kapata matokeo yake ya Fomu Foo, mashaallah mazuri, usiku akanipigia ananambia mjomba mie nataka kuwa injinia wa roketi, zile zinazokwenda kwa plazma. Mama yake, yaani dada yangu, alikuwa pembeni, nikamsikia anauliza, "Plazma ndo nini tena, si ile ya damu?" Nikaona badala ya kumuelezea mmoja kwa simu mpaka salio likatike bora nikae niandike kitu kirefu, na nyie wengine mnaonitumia meseji kila matokeo yakitoka mkisome. Mie nilisoma uhandisi wa mekanika bara, nikaenda nje nikafanya masta kwenye plazma, sasa nipo labu ya chuo kimoja huko huko, kwa hivo mengi nnayosema nimeyapitia mwenyewe na mengine nimeona wenzangu wakigonga nayo kichwa.

Na dada yangu hakukosea sana. Aliyelipa jambo hili jina la plazma ni Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928, na inasemekana ile gesi ilivobeba chembe zake za umeme ilimkumbusha damu inavobeba seli. Ukipasha barafu unapata maji, ukipasha maji unapata mvuke, na gesi yenyewe ukiipiga umeme wa kutosha elektroni zinabanduka kwenye atomu, unabaki na mchanganyiko wa elektroni na ioni unaopitisha umeme na unaosikia sumaku. Hiyo ndo plazma. Jua ni plazma, radi ya masika ni plazma, cheche ya fundi wa kuchomelea mageti ni plazma, na ndani ya taa ya tubu iliyoning'inia barazani kwenu mna plazma pia. Kwa hivo usiseme hujawahi kuiona.

Sasa injini. Unachukua gesi, mara nyingi zenoni, unaipiga elektroni mpaka inakuwa plazma, halafu unaziwekea zile ioni volti, zinakimbia kutoka nyuma ya chombo kwa kasi ambayo moto wa kawaida hauifikii hata kwa dawa. Kinachotoka nyuma kinakusukuma mbele, kama umekaa ndani ya kihori ukawa unatupa nazi nyuma kwa nguvu zako zote, kihori kitasogea tu. Ila ujue mapema, usije ukalia mbele ya safari: nguvu yake ni ndogo mno. Chombo cha NASA kinaitwa Deep Space 1, kilirushwa 1998, injini yake ya ioni ikiwa imefunguliwa yote ilikuwa inasukuma kwa milinyutoni 92, yaani kama uzito wa karatasi mbili za A4 ukiziweka kwenye kiganja, na kwa hiyo ilikuwa inakula umeme wa kama kilowati 2.3, pasi mbili hizo. Utacheka. Lakini angani hakuna kitu cha kukukamata mguu, na injini hii haizimwi baada ya dakika nane, inawaka miezi na miaka. Safari nyengine ya NASA, Dawn, iliyoondoka 2007 ilifika Vesta 2011, ikakaa, ikatoka tena, ikafika Ceres 2015 (hayo ni magimba mawili yaliyo baina ya Mirihi na Mshtarii), na kwa vile vijikaratasi vyake iliubadilisha mwendo wake kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Ardhini hainyanyui hata sahani ya urojo, kwa hivo mtu akikwambia atarusha roketi ya plazma kutoka Nungwi muulize vizuri.

Kwa nini watu wanahangaika nayo basi? Wavuvi wa Mkoani watanielewa haraka kuliko wasomi. Ukitaka kwenda mbali na mashine unabeba petroli nyingi, petroli nayo ina uzito, uzito unataka petroli nyengine, mwisho boti imejaa madumu na samaki huna pa kuwaweka. Mrusi Tsiolkovsky aliitoa hesabu yake mwaka 1903 na mpaka leo haijapinduliwa. Tuseme una chombo cha kilo 1000 na unataka kubadilisha mwendo wake kwa kilomita 6 kwa sekunde. Kwa mafuta yanayotoka nyuma kwa kilomita 3 kwa sekunde, ukimaliza safari umebaki na kilo 135, kilo nyengine zote zilikuwa mafuta. Kwa injini ya ioni inayotoa kwa kilomita 30 kwa sekunde unabaki na kilo kama 819. Ndo maana setelaiti nyingi za siku hizi, zikiwemo zile za intaneti za Starlink, zina injini za aina hii, zao zinaitwa injini za Hall, na aina hiyo Wasovieti waliijaribu angani tokea 1971. Kwa hivo kazi ipo na ni ya kweli.

Haya, tuje kwako. Kabla hujajaza fomu yoyote fanya jaribio hili, halina gharama, kalamu na karatasi tu. Ioni moja ya zenoni ina uzito wa mara 131 ya kipimo cha atomu, na kipimo cha atomu ni 1.66 zidisha kumi kwa kipeo cha hasi 27, kwa kilo. Chaji yake ni 1.6 zidisha kumi kwa kipeo cha hasi 19. Ipitishe kwenye volti 300. Inatoka na kasi gani? Kama umesoma fizikia ya Fomu Faivu unajua kwamba nishati ya umeme iliyopewa inageuka kuwa nishati ya mwendo, nusu ya uzito mara kasi mraba. Jibu ni kama kilomita 21 kwa sekunde. Mpwa wangu aliniletea picha ya daftari kapata mita milioni 441 kwa sekunde, nikamwambia wewe nuru yenyewe inakwenda milioni 300, umeipita, rudi ukatafute kipeuo chako cha pili ulikokiangusha. Akarudi na 21. Nikampa ya pili, badala ya zenoni weka argoni, uzito wake 40. Akapata 38, akauliza sasa mbona injini nyingi zimetumia zenoni, na argoni ni rahisi na ina kasi? Hapo ndo nikajua huyu ana ugonjwa wenyewe, maana hilo ndo swali. Argoni ni ngumu zaidi kubanduliwa elektroni yake, na kwa umeme ule ule kitu chepesi kinachokwenda mbio kinakupa msukumo mdogo kuliko kizito kinachokwenda taratibu kidogo. Kila injini ni mapatano baina ya umeme ulionao, gesi uliyobeba na haraka uliyonayo. Kama maswali haya yanakuudhi, hakuna ubaya, kuna kazi nyengine nzuri nyingi. Kama yamekukosesha usingizi, endelea kusoma.

Kombi ni fizikia, kemia na hisabati ya juu, basi, hapo sina mjadala, uwe skuli ya Lumumba mjini au Fidel Castro kule Pemba. Kemia utaihitaji chini ya unavodhani, hisabati utaihitaji juu ya unavodhani. Tatizo letu kubwa sio akili, tatizo ni kwamba skuli nyengine practical tunahadithiwa, mwalimu anachora saketi ubaoni, mnainakili, mnakwenda kufanya mtihani wa kitu hamjawahi kukishika. Mie mwenyewe nimefika chuo sijawahi kugusa osiloskopu, mashine ya kutazama mawimbi ya umeme. Kwa hivo mikono yako uifunze mwenyewe. Nenda kwa fundi redio wa mtaani, mwambie nataka kukusaidia Jumamosi bila kulipwa, jifunze kulehemu waya, kupima volti, kusoma saketi. Fundi wa kuchomelea vilevile. Labu za plazma zimejaa watu wanaoijua hesabu wasioweza kukaza bolti sawasawa, ukiwa unaijua hesabu na bolti unaiweza utapendwa.

Na kuna jaribio la nyumbani nnalolipenda sana. Chukua boksi la viatu, toboa mwanya mwembamba upande mmoja kwa wembe, upande wa pili weka kipande cha CD ya zamani kimeinama, chungulia huku mwanya umeuelekezea taa ya tubu. Hutoona upinde wa mvua uliokamilika, utaona mistari, wa buluu, wa kijani, wa manjano, hiyo ni zebaki iliyomo ndani ya taa inakutajia jina lake. Halafu elekeza kwenye balbu ya LED uone tofauti. Sisi labu tunafanya jambo hilo hilo kwa mashine ya bei ya nyumba, tunaitazama rangi ya plazma tujue ndani mna nini na ina joto gani. Ila tubu usiivunje, zebaki ni sumu.

Hapo hapo nikuonye. Kuna video za watu wanafungua maikrowevu wanatoa transfoma kutengeneza radi mezani. Ile kitu inatoa kama volti 2000 na inaua, tena haikupi nafasi ya pili. Mie nikiwa na miaka 16 nilifungua televisheni ya mgongo, nimeshaichomoa toka asubuhi najua salama, kumbe ndani mna kapasita bado imeshiba, ilinirusha mpaka nikagonga kabati la vyombo la bi mkubwa. Vikombe vya chai vya harusi yake vitatu vilikwenda. Nilipigwa mara mbili siku ile, na umeme na mama.

Chuo sasa. Wengi wananiuliza wapi Tanzania wanafundisha uhandisi wa roketi kwa digrii ya kwanza, wanataka jina lile lile kwenye cheti, na wakilikosa wanakata tamaa au wanasubiri skolashipu ya nje miaka mitatu wamekaa nyumbani. Usifanye hivo. Soma mekanika, au umeme, au fizikia yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mfano, halafu utaingia kwenye plazma kwenye masta. Mtu nnayempenda kumtolea mfano ni Franklin Chang-Díaz. Kazaliwa Costa Rica 1950, nchi ndogo isiyokuwa na roketi, akaenda Marekani na miaka 18 na dola 50 mfukoni, kiingereza kakijulia huko huko. Digrii ya kwanza alichukua uhandisi wa mekanika chuo cha Connecticut 1973, ndo baadae akachukua digrii ya udaktari ya fizikia ya plazma chuo cha MIT 1977. Wakamchagua mwanaanga 1980, karuka mara 7 baina ya 1986 na 2002, na 2005 akafungua kampuni yake, Ad Astra, wanatengeneza injini inayopasha plazma kwa mawimbi ya redio na kuibana kwa sumaku. Utaona njia yake haikuanza na roketi, imeanza na gia na mabomba kama ya watu wengine.

Ila kwenye hadithi yake kuna kijambo watu wanakiruka, nacho ni uraia. Alichukua uraia wa Marekani. NASA kuajiriwa moja kwa moja lazima uwe raia wao, na makampuni ya roketi ya kule sheria zao zinahesabu teknolojia hii kama silaha, kwa hivo bila uraia au ukaazi wa kudumu wengi hawakugusi hata kama una akili za kuzimu. Nimeona vijana wamejenga ndoto yote juu ya kampuni moja, wanavaa mpaka fulana yake, hakuna aliyewaambia. Vyuo vya Marekani vinachukua watu wa nje, kusoma unaweza, ni ajira za roketi ndo zina mlango mwembamba. Kwa hivo panua macho, kuna Japani, Ulaya, China, Uturuki, Afrika Kusini, Misri, na hapo Cairo ndo makao ya shirika la anga la Afrika.

Japani nnaiweka mbele makusudi. Chuo cha Teknolojia cha Kyushu, wanakiita Kyutech, wamekuwa na mpango wa kuwafundisha vijana wa nchi ambazo hazijawahi kuwa na setelaiti watengeneze ya kwanza kwa mikono yao, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande. Ghana walipitia huko, setelaiti yao ikawekwa angani 2017, na Uganda na Zimbabwe wakafuata 2022. Waganda! Watu tunaokutana nao kila siku. Wakenya nao Chuo cha Nairobi walikuwa na kijisanduku chao 2018 na Taifa-1 ikafuata 2023. Skolashipu ya serikali ya Japani mara nyingi maombi yake yanafunguliwa mwezi wa nne na wa tano kupitia ubalozi wao Dar, na kwa wanaoomba digrii ya kwanza mtihani wake wa hisabati sio wa mchezo.

Kwa anayependa fizikia zaidi kuliko nati, kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, alianzisha Abdus Salam wa Pakistani 1964, mtu aliyekuja kupata Nobeli 1979, na nia yake ilikuwa hasa watu wa nchi kama zetu wasikae peke yao na maswali yao. Wana diploma ya juu isiyokuwa na ada na posho wanakupa, na huwa wanafanya mafunzo mafupi ya plazma. Kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati, wana masta ya hisabati kwenye nchi kadhaa za Afrika, Rwanda ikiwemo. Kuna masta ya Ulaya ya Erasmus Mundus inayoitwa FUSION-EP, hiyo ni plazma ya nishati, upande wa ule mradi mkubwa wa ITER, wa kuunganisha viini vya atomu kama jua linavofanya, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ukiipata unasoma nchi mbili tatu kwa skolashipu moja. Maombi ya hizi za Ulaya mara nyingi yanafungwa baina ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya, kwa hivo ukianza kutafuta Machi umeshachelewa. Ujerumani vyuo vingi vya serikali ada yake ndogo au haipo, lakini viza wanataka waone pesa ya kula mwaka mzima imefungiwa benki, hapo ndo wengi tunapokwama. Na jambo ambalo ningependa nilijue mapema: nchi nyingi za Ulaya PhD ni kazi yenye mshahara. Mlima ni masta. Ukishaupanda huo, huko mbele unalipwa kusoma.

Makaratasi. Hapa nitakaa kidogo maana nimeumia. Sisi tuna majina matatu, langu, la baba, la babu, na kila ofisi imeandika inavotaka. Cheti cha kuzaliwa Khamis, cheti cha Fomu Foo Hamis, kitambulisho Khamisi, na paspoti kachapa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kuswali. Ofisi moja, siitaji, ilinikalisha miezi minne kwa herufi moja, na skolashipu ya kwanza niliyopata ikanipita hivi hivi naiona. Sasa hivi, leo, kabla hujamaliza kusoma, toa vyeti vyako vyote uvipange kitandani utazame kila herufi. Kama vinatofautiana anza kurekebisha sasa wakati huna haraka. Halafu fomu za nje zinataka jina la ukoo, na wewe utaandika la babu yako, ulichague siku hiyo na usilibadilishe tena maishani, mie profesa wangu ananiita kwa jina la babu yangu, marehemu mvuvi wa pweza, kila akiniita hivo kwenye mkutano nnamuona mzee na mkuki wake.

Kuandikia maprofesa nako kuna ufundi. Imeili fupi. Sentensi ya kwanza wewe nani na unasoma nini, ya pili kitu kimoja hasa kwenye kazi yake ulichokisoma na swali ulilopata, ya tatu ulichokifanya kwa mikono yako, ya nne unaomba nini. Usianze na tangu mdogo nilikuwa nikitazama nyota, kila mtu alikuwa akitazama nyota, hata paka. Wengi hawatojibu. Sio dharau, wana imeili 200. Baada ya wiki mbili kumbusha mara moja, kisha shika njia.

"Ulichokifanya kwa mikono yako" utakitoa wapi uko Pemba? Hapo ndo kompyuta inakuokoa. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, ni bure, laptopu mbovu inatosha. Andika programu ya ioni moja inayozunguka kwenye sumaku, kisha kumi, kisha elfu, ndo mlango wa simulesheni tunazofanya sisi kila siku. NASA wana programu ya kupanga njia za vyombo angani inaitwa GMAT, bure pia. Masomo ya MIT yamewekwa wazi, pakua usiku bando likiwa rahisi. Na kuna plazma nyengine iko juu ya kichwa chako bila malipo, ionosfia, tabaka la juu la hewa. Sisi tuko karibu na ikweta, na huku kwetu jua likishazama ile plazma ya juu huwa inachafuka, inafanya mapovu, mawimbi ya GPS yakipita yanatetemeka. Data za vituo vya GPS nyingi ziko wazi, mtu anaweza kufanya utafiti mzima wa digrii akiwa Chake bila kununua hata pampu moja, na utafiti wa ukanda wetu wenyewe unatakiwa kwa sababu wengi wanapima kwao sio kwetu.

Nikwambie na kazi yenyewe siku kwa siku, maana picha mtandaoni zinadanganya. Injini za plazma zinajaribiwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililotolewa hewa, na kuitoa hewa ni masaa, pengine usiku kucha. Asubuhi unakuta hewa inavuja mahali, unazunguka na kipuliza cha heliamu unanusanusa kila bolti mpaka umpate mwizi, kumbe ni unywele mmoja juu ya mpira. Unaziba, unaanza upya. Injini ikiwaka ni nzuri wallahi, mwanga wa buluu umetulia kama bahari ya Matemwe saa nne asubuhi, unaitazama dakika tano halafu siku tatu unachambua namba. Nguvu inayopimwa ni ndogo mpaka gari likipita nje unaliona kwenye grafu. Halafu ioni zinakwangua kuta za injini polepole, kwa hivo lazima ujue itaishi muda gani, na hakuna njia ya mkato: injini ya akiba ya Deep Space 1 waliiwasha labu zaidi ya saa 30,000. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ya kukodolea pipa. Ukiwa mtu wa kutaka matokeo Ijumaa, hapa sipo pako.

Wazazi watauliza ukirudi utafanya nini, na ni haki yao. Sitowadanganya, kiwanda cha injini za plazma Unguja hakipo. Lakini mtu anayejua umeme mkubwa, vakyumu, vihisio na hesabu za data hakosi pa kushika, vyuo vinataka walimu, simu zinataka watu wa mawimbi, hospitali zinataka mafundi wa mashine zao. Droni zilipokuja kuchora ramani ya Unguja na Pemba nzima 2016 vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwemo kuzirusha. Bweleo sasa kuna tawi la IIT Madras, chuo cha India, toka 2023, wanafundisha sayansi ya data. Na anga sio kitu kigeni kwetu kama watu wanavodhani. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962 Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vya kuzungumza naye, kituo kilikuwa upande wa Tunguu, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Leo Tunguu ndo iko SUZA, wanafunzi wanashuka daladala pale hawajui. Na setelaiti ya kwanza ya kutazama mionzi ya eksi ya nyota ilirushwa jirani hapo Malindi, kutoka jukwaa la baharini, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Jina la kiswahili lile.

Nilimsomea dada yangu haya kwa simu jana, alisikiliza kimya mpaka nikadhani kalala. Mwisho akasema sawa, kama mwanangu anataka kazi ya plazma aanze na tubu ya barazani, wiki ya pili haiwaki, tunakula gizani. Kijana kapanda ngazi, tubu nzima, choki nzima, starta ndo imekufa. Kanunua nyengine sokoni Wete. Halafu ile starta ya zamani kaivunja kwa uangalifu kaniuliza mjomba humu ndani mna kibalbu kidogo kina gesi na vibati viwili, ni cha nini? Nikamwambia gesi hiyo ikipata umeme inawaka kidogo, ni plazma hiyo, inapasha kile kibati kinajikunja kinagusa mwenzake, ndo maana taa inapepesa kabla ya kuwaka. Kachora mchoro wake, katuma. Vipimo hakuweka, nimemrudishia.